Beatrice Shilling: Fundi aliyewaokoa marubani kwa kipande cha shaba

VITA Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto mwaka wa 1940, marubani wa Uingereza waliingia vitani wakiwa na hofu mbili: adui aliye mbele yao, na injini ambayo ingeweza kuwazimikia angani. Aliyeipatia dawa hofu hiyo ya pili ni mwanamke aliyeanzia ufundi wake kwenye pikipiki.

Beatrice Shilling alizaliwa Machi 8, 1909, mjini Waterlooville, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa mwenye bucha. Akiwa na umri wa miaka 14 alijinunulia pikipiki, wala hakutosheka na kuiendesha tu, bali alitaka kujua siri ya mwendo wake.

Baada ya shule alifanya kazi chini ya mhandisi wa kike, Margaret Partridge, akiweka nyaya za umeme. Partridge ndiye aliyemhimiza ajiunge na Chuo Kikuu cha Manchester, ambako alihitimu mwaka wa 1932 katika uhandisi wa umeme, kisha akaongeza mwaka mmoja na kupata shahada ya uzamili.

Elimu ya darasani haikumtenga na grisi. Mnamo 1934, akiwa juu ya pikipiki ya Norton aliyoirekebisha kwa mikono yake, aliuzunguka uwanja wa Brooklands kwa kasi iliyozidi kilomita 160 kwa saa, na kutunukiwa beji ya Nyota ya Dhahabu. Miaka miwili baadaye aliajiriwa katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, Farnborough, ambako alibobea katika kabureta.

Kasoro ya ndege za Spitfire na Hurricane ilikuwa hapo hapo. Injini zao za Merlin zilitumia kabureta, ilhali Messerschmitt za Wajerumani zilipuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Rubani wa Uingereza alipoinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta na injini ikakosa mafuta. Punde si punde mafuta yakafurika kupita kiasi, ikatoa moshi mweusi na kuzima. Adui alijua udhaifu huo, na aliutumia kutoroka.

Shilling hakuunda injini mpya. Alibuni kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kilichofungwa kwenye njia ya mafuta ili kupitisha kiasi kile tu ambacho injini ilihitaji ikiwa katika nguvu zake zote. Mapema mwaka wa 1941 alizuru kambi za ndege pamoja na mafundi wachache, wakivifunga vipande hivyo bila kuziondoa ndege kazini. Kifaa hicho hakikuondoa tatizo lote, lakini kiliwafaa marubani hadi kabureta bora zilipopatikana.

Aliendelea kufanya kazi Farnborough hadi alipostaafu mwaka wa 1969. Alifariki Novemba 1990, akiwa na umri wa miaka 81.

Siku hizi ni kompyuta inayoipimia injini mafuta, na fundi huirekebisha akitazama kioo cha tarakilishi. Hata hivyo, swali ni lile lile alilolijibu Shilling: injini hii inahitaji mafuta kiasi gani, na kwa wakati gani? Asiyelielewa hilo, hata kompyuta haitamfaa.