Edith Clarke: Mwanamke aliyezipigia hesabu hitilafu za umeme

Waya wa umeme ukikatika na kuanguka chini, swichi ya kituoni inatakiwa ijizime yenyewe mara moja, na maeneo yasiyo na tatizo yaendelee kupata umeme. Ili swichi ijue ni wakati gani wa kujizima, lazima mhandisi awe amepiga hesabu mapema: hitilafu ikitokea mahali fulani, umeme kiasi gani utapita, na utapita wapi.

Mmoja wa watu waliowawezesha wahandisi wa kawaida kuzifanya hesabu hizo ni Mmarekani Edith Clarke. Katika makala hii tunaangalia maisha yake, na kazi yake inavyohusiana na transfoma iliyopo kijijini kwako.

Yatima aliyeuchagua ufunguo wa shule

Edith alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Maryland, kwenye familia ya watoto tisa iliyoishi shambani. Kabla hajawa mtu mzima alikuwa amewapoteza wazazi wote wawili, akalelewa na dada yake. Alipofika umri wa kukabidhiwa urithi wake, fedha zile alizitumia kusoma. Aliingia chuo cha Vassar, akasoma hisabati na elimu ya nyota, akahitimu mwaka 1908.

Alifundisha shule kwa muda mfupi, kisha akaanza masomo ya uhandisi. Mwaka 1912 alipata kazi katika kampuni ya simu ya AT&T. Kazi yenyewe iliitwa kompyuta. Wakati huo neno hilo lilimaanisha mtu, si mashine: mtu aliyekaa mezani na karatasi na kalamu, akiwapigia wahandisi hesabu zao ndefu. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake.

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Hata hivyo hakupata mwajiri wa kumwajiri kama mhandisi. Kampuni ya General Electric ilimchukua kuwasimamia wanawake wengine waliopiga hesabu za mitambo.

Hapo ndipo alipobuni kikokotoo cha michoro kilichofupisha hesabu za njia ndefu za umeme. Aliomba hataza mwaka 1921 na akaipata mwaka 1925. Mwaka huohuo wa 1921 aliacha kazi, akaenda Uturuki kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake mjini Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Aliporudi mwaka 1922, General Electric ilimwajiri, safari hii kwa cheo cha mhandisi wa umeme.

Tatizo lilikuwa nini?

Umeme wa gridi husafiri kwa nyaya tatu, ambazo mafundi wetu huziita fezi tatu. Mambo yakiwa shwari, fezi zote zina nguvu sawa na zinapokezana kwa zamu, kama watu watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja bila kugonganisha michi. Hapo hesabu ni rahisi, kwa sababu ukiijua fezi moja umezijua zote.

Hitilafu nyingi haziko hivyo. Mti unaangukia waya mmoja, au nyaya mbili zinagusana kwa upepo. Zamu inavurugika, na kila fezi inakwenda kivyake.

Mwaka 1918 mhandisi Charles Fortescue, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Westinghouse, alionyesha kwamba vurugu yoyote ya fezi tatu inaweza kugawanywa katika makundi matatu yenye utaratibu.

Kundi la kwanza ni mfuatano chanya: fezi tatu zilizo sawa, zinazopokezana kwa mpangilio uleule wa jenereta. La pili ni mfuatano hasi: nazo ni sawa, lakini zamu yake imegeuzwa kinyume. La tatu ni mfuatano sifuri: fezi zote tatu zinapanda na kushuka kwa pamoja, hakuna zamu. Kundi hili la tatu linahitaji njia ya kurudia, ambayo huwa ni waya wa nyutro au ardhi yenyewe.

Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini mhandisi aliye kazini alihitaji kujua zaidi. Je, jenereta inazuia kila kundi kwa kiasi gani? Na transfoma je? Kiasi hicho cha kuzuia huitwa impidansi. Kazi kubwa ya Edith ilikuwa kuliingiza wazo la Fortescue katika hesabu za kila siku, kifaa kwa kifaa.

Transfoma, jenereta na mashine ya kusaga

Transfoma haizunguki, kwa hiyo mfuatano chanya na mfuatano hasi ni mamoja kwake. Jenereta inazunguka. Mfuatano hasi unapoiingia unakwenda kinyume na mzunguko wake, na hapo kipimo hubadilika. Mota nayo iko hivyo. Fezi moja ikipotea wakati mashine ya kusaga inafanya kazi, mfuatano hasi huivuta mota kurudi nyuma na kuipasha joto. Mota inanguruma, inapoteza nguvu, na isipozimwa inaungua.

Mfuatano sifuri unategemea transfoma imeungwaje. Mara nyingi transfoma ya nguzoni, upande wa laini kubwa, koili zake huungwa kwa umbo la pembetatu. Upande wa kwenda majumbani huungwa kama nyota, na kitovu cha nyota huunganishwa na ardhi. Waya wa upande wa nyumbani ukigusa ardhi, mfuatano sifuri unapata njia ya kurudi kwenye nyota. Lakini hauvuki kwenda laini kubwa, kwa sababu pembetatu huuzungusha ndani yake tu.

Maana yake ni kwamba kifaa cha kituoni kinachopima umeme unaoingia ardhini kwenye laini kubwa hakiioni hitilafu hiyo. Kinga iliyopo ni fyuzi za upande wa chini wa transfoma. Na ardhi ikiwa kavu au ya mchanga, umeme unaopita unaweza kuwa mdogo mno kuikata fyuzi. Hivyo msikilizaji, waya ulioanguka uuhesabu kuwa una umeme hata kama hautoi cheche. Kaa mbali, zuia watoto na mifugo, na toa taarifa kwa shirika la umeme.

Kitabu na miaka ya mwisho

Mwaka 1926 Edith akawa mwanamke wa kwanza kuwasilisha utafiti wake mbele ya chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani. Mwaka 1943 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu mifuatano hiyo katika mifumo ya umeme, kilichotokana na masomo aliyowapa wahandisi vijana wa kampuni. Juzuu ya pili ilifuata mwaka 1950. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunza humo.

Alistaafu mwaka 1945 akarudi Maryland kwenye shamba, lakini hakukaa sana. Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Texas kilimwita kufundisha, akawa profesa wa kwanza mwanamke wa uhandisi wa umeme nchini Marekani. Alifundisha huko kwa miaka kadhaa, na akafariki mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 76.

Leo hesabu alizozifanya kwa kalamu zinafanywa na kompyuta za mashine. Lakini mifuatano ni ileile mitatu, na wanafunzi wa umeme bado wanafundishwa hesabu inayoitwa kwa jina la Clarke.