Kabla ya pedali ya lupu kulikuwa na huyu mzae: Stori ya Les Paul

Ukiona msanii mmoja kwa steji, gita moja na pedali ya lupu, lakini anasikika kama bendi nzima, usidhani hiyo kitu ni ya jana.

Les Paul alizaliwa 1915 Waukesha, Marekani. 1948 akapata ajali mbaya ya gari, kiwiko cha mkono wa kulia kikaharibika vibaya. Manze, huo ndio mkono wa kupiga nyuzi! Akaomba madaktari waufunge ukiwa umekunjwa, ndio aendelee kushika gita.

Akarudi kazi. Akaongeza kichwa kingine kwa mashine ya tepu, akawa anarekodi sauti juu ya sauti. Noma ni moja: ukikosea, unaanza upya. 1951 yeye na mkewe Mary Ford wakakaa namba 1 Marekani wiki 9 na How High the Moon.

Baadaye akafunga kisanduku kwa gita, kinaendesha tepu iliyo nyuma ya steji. Akakiita Les Paulverizer.

Aliaga 2009 akiwa na miaka 94. Hata akiwa amepita 90 bado alikuwa anapiga shoo New York kila Jumatatu. Kwa hivyo ukikanyaga pedali yako leo, jua kuna mzae alianza hii maneno na mkono usiokunjuka.