Ludwig Wittgenstein: mwanafunzi aliyekataa kusema lugha yake

Tarehe 18 Oktoba 1911, profesa Bertrand Russell alikuwa anakunywa chai mu chumba chake ku chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kijana moja asiyejulikana akaingia. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Russell alikuwa anajua Kijerumani, basi wangeweza kuongea bila taabu, lakini kijana akakataa. Alitaka Kiingereza tu, hata kama maneno yalikuwa yanakwama.

Kijana huyo ni Ludwig Wittgenstein, na alikuwa na miaka 22. Russell alimzania Mjerumani, kumbe ni mtu wa Austria, mzaliwa wa Vienna. Baba yake Karl alitajirika sana kwa kazi ya chuma. Feza haikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa kujua kama ana akili ya kufanya filozofia ao hapana, na alitaka kuipimisha akili hiyo mu lugha ya wengine.

Unaweza kuuliza: mbona Kiingereza kidogo hivyo, na alikuwa amefika Uingereza tangu 1908? Ni kweli. Alikaa Manchester akisoma mambo ya ndege, akirusha tiara kubwa karibu na Glossop, kisha akatengeneza mpango wa rafadha ya ndege na kupata hati yake mwaka 1911. Lakini tiara na mashini hazidai maneno mingi. Filozofia inadai, maana pale ukikosea neno moja dogo, wazo lote linaanguka. Hesabu za rafadha ndizo zilimvuta kwenye misingi ya hesabu, akasoma kitabu cha Russell, akaenda kumwona Gottlob Frege kule Jena, na Frege akamshauri aende kwa Russell.

Mwanzoni Russell alichoka naye. Kila kisha somo kijana alimfuata mpaka nyumbani, akibishana. Siku moja alikataa kukubali kwamba mu chumba hamna kifaru. Russell akainama kuangalia chini ya meza zote, kifaru hakuna, na mwanafunzi bado hakukubali! Mwishoni mwa muhula Wittgenstein akamuliza wazi kama yeye ni mjinga kabisa. Kama ni mjinga, atarudi ku ndege. Kama sivyo, atakuwa mwanafilozofia. Russell akamwambia aandike kitu wakati wa likizo. Mwezi wa Januari 1912 akaleta karatasi, na Russell alisimulia baadaye kwamba sentensi ya kwanza ilimtosha: akamwambia aache ndege. Wanafunzi wetu wanaotoka Bukavu ao Goma kwenda kusoma Kampala, wakiwa na Kifaransa cha shule na Kiingereza cha katikati, wanajua uzito wa jibu kama hilo. Mtu anakwama kwa neno, wengine wanafikiri amekwama kwa akili.

Tarehe 1 Februari 1912 akapokelewa ku Trinity College. Mwezi wa Novemba mwaka uleule akasoma hotuba mbele ya chama cha wanafilozofia cha chuo, juu ya filozofia ni nini. Ilichukua karibu dakika 4, fupi kuliko zote zilizotangulia. Hakujaza maneno ili aonekane msomi.

Vita vya 1914 vilimkuta akiingia jeshi la Austria. Aliandika kitabu chake cha kwanza, Tractatus, kwa Kijerumani, kikatoka 1921. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza, kazi kubwa ilifanywa na Frank Ramsey, mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 18 hivi. Wittgenstein, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi huko Austria, alirudisha masahihisho mingi kwa barua. Mahali pengine alibadilisha sentensi mpaka haikufanana tena na Kijerumani chake. Akaeleza kwamba anatafsiri maana, hatafsiri maneno. Hapo Kiingereza chake si cha kukwama tena. Ni cha mtu anayejua wapi tafsiri inadanganya.

Januari 1929 alirudi Cambridge, akapata udaktari mwezi wa Juni kwa kitabu kilekile, kisha akaanza kufundisha kwa Kiingereza. Hakuwa na karatasi mbele yake. Wanafunzi walikaa ku viti vya kukunja mu chumba chake, wakimwangalia akifikiri kwa sauti, halafu akinyamaza muda mrefu. Mwaka 1933 na 1934 aliwaandikisha wanafunzi wachache maneno yake kwa Kiingereza, nakala zikafungwa kwa jalada la buluu. Mwaka uliofuata ikawa jalada la kahawia.

Lakini 1936, akiwa peke yake Norway, alijaribu kugeuza kile cha kahawia kiwe cha Kijerumani. Akafika mbali, kisha akaandika kwamba jaribio lote halifai kitu, akaanza upya kwa Kijerumani moja kwa moja. Kufundisha, Kiingereza. Kuandika, Kijerumani. Hakuacha mpango huo hata alipopewa kiti cha profesa na uraia wa Uingereza mwaka 1939, kisha Hitler kumeza Austria.

Kitabu kilichotoka mu kazi hiyo kinaanza na Mtakatifu Augustino akisimulia namna alivyojifunza kusema alipokuwa mtoto. Wittgenstein anaona kasoro: Augustino anamweleza mtoto kama vile ni mgeni aliyefika inchi ya watu, tayari ana lugha yake, isipokuwa hii ya hapa tu. Aliyeona kasoro hiyo alikuwa amekuwa mgeni huyo mwenyewe.

Alikufa tarehe 29 Aprili 1951 mu nyumba ya daktari wake, Cambridge. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kwa bibi wa daktari: awaambie marafiki kwamba maisha yake yalikuwa mazuri ajabu. Aliyasema kwa Kiingereza. Kitabu kilitoka 1953, Kijerumani ku ukurasa wa kushoto, Kiingereza ku ukurasa wa kulia.