Maisha ya Bibi Marie Curie na Mlango wa Akademia



Mara hii nimechagua kuwaandikia maisha ya Bibi Marie Curie. Jina lake mmekwisha kulisikia katika somo la kemia, na wengi wetu tunajua tu kwamba alivumbua radiumu, basi. Lakini mabishano hayaishi kati yetu kama msichana anaweza kweli kushika sehemu ya hesabu na fizika. Mimi kama mkubwa wa wanafunzi naitwa kila mara kuyatuliza, na nimechoka. Basi tuangalie mtu ambaye watu walibishana juu yake vilevile, na wale hawakuwa wanafunzi, walikuwa wazee wenye elimu kubwa.

Wazee wale walikuwa wa Akademia ya Sayansi ya Paris. Akademia ni nini? Zamani nilifikiri ni masomo makubwa kupita univasite. Hapana. Ni mkutano wa wenye sayansi, wanaochaguana wao wenyewe kwa kura. Wanasikiliza habari ya uvumbuzi mpya, wanaichapisha, wanatoa zawadi na pesa kwa watafiti. Ile ya Paris ilianza mwaka 1666. Siku zile mtu asiyekuwa mwanamemba hakuweza kusimama kule ndani na kusoma kazi yake mwenyewe, ilikuwa lazima atafute mwanamemba wa kumsomea.

Marie alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 kule Warsaw, inchi ya Polandi, na jina lake la kwao lilikuwa Maria Skłodowska. Inchi yao ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na univasite ya Warsaw haikupokea wasichana hata kidogo. Akapatana na dada yake Bronia: Bronia atangulie Paris kusoma udaktari, Maria abaki afanye kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu, amtumie pesa, kisha Bronia amvute. Miaka ilipita mingi mbele ya zamu yake kufika. Alipanda treni mwaka 1891, akiwa karibu kutimiza miaka 24. Kule Paris alikaa katika chumba kidogo juu kabisa ya nyumba, baridi kali, chakula kidogo. Mwaka 1893 alishinda mtihani wa fizika, yeye wa kwanza. Mwaka uliofuata alishinda ule wa hesabu, yeye wa pili.

Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizika. Kisha akatafuta kazi ya kuandika kwa ajili ya udaktari wake, akachagua miali ile isiyoonekana ambayo Henri Becquerel aliiona ikitoka katika uraniumu mwaka 1896. Yeye ndiye aliyetunga jina radioaktivite. Katika mwezi wa Aprili 1898 kazi yake ya kwanza juu ya miali hiyo ilisomwa mbele ya Akademia, lakini msomaji alikuwa mwalimu wake wa zamani, Gabriel Lippmann, maana Marie hakuwa mwanamemba, na Pierre vilevile. Mwaka uleule wakatangaza vitu viwili vipya, poloniumu katika Julai na radiumu katika Desemba.

Sasa hapa tuseme kweli. Akademia ilimsaidia sana. Ilimpa zawadi inayoitwa Gegner mara tatu, mwaka 1898, 1900 na 1902, na pesa hizo zilikuwa za lazima. (Tena ile ya kwanza, habari yake iliandikiwa bwana yake, ili amwambie bibi.) Na Akademia ya Vienna ilimsaidia namna nyingine. Watu wa kemia walikuwa wanataka kuiona radiumu kwa macho na kuipima, na kwa hiyo alihitaji mawe kwa tani. Mawe yenye uraniumu yalikuwa kwenye mugodi wa Joachimsthal, katika ufalme wa Austria, na bei yake ilikuwa kali. Lakini takataka zilizobaki kisha uraniumu kuondolewa zilikuwa zikitupwa tu. Mzee Eduard Suess wa Akademia ya Vienna akawaombea, na serikali ya Austria ikawapa tani moja bure.

Labo yao ilikuwa banda la mbao ambalo mvua ilipita juu. Marie alipika yale mawe katika vyungu vikubwa, akikoroga na fimbo ya chuma siku nzima. Kwa kufika mwaka 1902 alikuwa amepata sehemu moja ya kumi ya gramu. Sisi tunalalamika kazi ya vitendo ikipita saa mbili!

Mwaka 1903 zawadi ya Nobel ya fizika ilikuwa karibu kupewa Becquerel na Pierre peke yao. Mwanamemba mmoja wa Akademia ya Sweden, Gösta Mittag-Leffler, akamwandikia Pierre kumfunulia jambo hilo. Pierre akajibu kwamba kazi ni ya wawili, na jina la Marie likaingia. Tazameni basi, kama mtu mmoja ndani asingefungua kinywa, leo tungesoma majina ya wanaume wawili tu.

Pierre alikufa tarehe 19 Aprili 1906, amekanyagwa na gari la farasi katika njia ya Paris. Marie akabaki na watoto wawili, Irène na Ève. Akapewa kufundisha mahali pa bwana yake kwenye Sorbonne, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefundisha pale mbele yake.

Tunafika Januari 1911. Kiti kimoja cha fizika kilikuwa wazi katika Akademia ya Paris, na Marie akajitoa. Aliyeshindana naye alikuwa Édouard Branly, mtu mwenye akili kweli, ambaye kazi yake ilisaidia kuanzisha simu isiyo na waya. Lakini magazeti hayakubishana juu ya simu wala radiumu. Yalibishana kama mwanamke anaweza kuketi pale, tena mwanamke mgeni. Tarehe 23 Januari wakapiga kura. Branly alipata 30, Marie 28. Hakujitoa tena kamwe. Katika Desemba ya mwaka uleule, Akademia ya Sweden ikampa Nobel ya pili, ya kemia.

Vita ya 1914 ilipoanza, alitengeneza magari yenye mashini ya kupiga picha ya mifupa, ile tunaita radio, akayapeleka karibu na vita, na akafundisha wanawake kiasi cha 150 kazi hiyo.

Na sisi wa Katanga tuko ndani ya habari hii. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga pesa kumnunulia gramu moja tu ya radiumu: dola 100,000. Siku zile mugodi wa Shinkolobwe ulikuwa unaanza. Anayepanda treni toka Kamina kwenda Lubumbashi anapita Bukama na Tenke, kisha Likasi; Shinkolobwe iko upande ule. Mawe yake yalikuwa na uraniumu nyingi sana kupita ya Joachimsthal. Yalipelekwa Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen, na tangu mwaka 1922 radiumu ikatoka kule, bei ikashuka. Nguvu za kuchimba zilikuwa za babu zetu.

Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934. Damu yake ilikuwa imeharibika, na madaktari waliona ni miali ile aliyoishika miaka mingi bila kujikinga.

Binti yake Irène alipata Nobel ya kemia mwaka 1935 pamoja na bwana yake Frédéric Joliot. Akademia ilimpokea Frédéric. Irène alijitoa zaidi ya mara moja, akakataliwa. Mlango ulifunguliwa nusu tu mwaka 1962, kwa Marguerite Perey, aliyeanza kama msichana wa kusaidia katika labo ya Marie, na ambaye mwaka 1939 alivumbua fransiumu. Alipokelewa kama mwandishi wa mbali, bila kiti chenyewe. Mwanamke wa kwanza kupata kiti kamili alikuwa Yvonne Choquet-Bruhat, mwaka 1979. Yeye alikuwa mtu wa hesabu na fizika.