Warren Johnson: Mwalimu aliyeuwekea kengele moto wa boila
KILA ifikapo Juni na Julai, baridi hutawala nyanda za juu za Mbeya na Iringa, na wakazi wengi huota moto wa kuni au mkaa. Katika viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, kuni za mikaratusi huchochea maboila ambayo joto lake hukausha majani.

Hata hivyo, moto wa kuni humtaka mtu wa kuuangalia: ukiachiwa huzidi, ukisahauliwa huzimika. Mmoja wa waliotafutia tatizo hilo ufumbuzi kwa umeme alikuwa mwalimu wa Marekani, Warren Johnson.

Johnson alizaliwa mwaka 1847 katika jimbo la Vermont na kukulia Wisconsin, ambako majira ya baridi huambatana na theluji nzito. Alikuwa mpiga chapa, mpima ardhi na mwalimu wa shule kabla ya kuteuliwa, mwaka 1876, kufundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater.

Chuoni hapo, mhudumu alilazimika kuingia darasani kusoma kipimajoto, kisha kushuka chini ya jengo kumwelekeza mchochea moto afungue au afunge mlango wa hewa wa boila. Somo lilikatizwa, na wanafunzi waliendelea kutetemeka hadi ujumbe ufike.

Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa chake. Ndani yake, utepe wa metali mbili ulijipinda joto lilipobadilika na kuunganisha mkondo wa umeme. Kengele ililia katika chumba cha boila, na mchochea moto akajua la kufanya. Waya haukubeba joto, bali habari.

Mwaka 1885, kwa mtaji wa William Plankinton, alianzisha kampuni mjini Milwaukee. Mwaka 1895 alipata hataza ya mfumo uliotumia hewa iliyoshindiliwa kufungua na kufunga vali, hivyo kila chumba kikajirekebisha bila mtu kuitwa. Alitengeneza pia saa kubwa za minarani na magari ya mvuke. Alifariki dunia mwaka 1911 mjini Los Angeles, na kampuni yake ikajikita katika udhibiti wa joto.

Maboila ya kuni ya majumbani bado hufuata wazo hilo: waya mwembamba hutoka sebuleni hadi kwenye feni au mlango wa hewa. Lakini kuni hazizimwi kama taa. Hewa ikishafungwa, makaa huendelea kuchemsha maji, hivyo pampu haina budi kuendelea kuondoa joto, na vali ya usalama ni ya lazima. Waya nao hupitishwa mbali na bomba la moshi, kwani ganda lake likiyeyuka, mlinzi wa moto hugeuka chanzo cha moto.

Umeme ukikatika, mlango wa hewa hupaswa kujifunga wenyewe. Ndipo mwenye nyumba anapoweza kulala bila hofu.