Rosalie Gicanda, malkia aliyechorwa bila jina



Huku kwetu kandokando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, mgeni akiona picha ukutani huuliza huyo ni nani. Mwenye nyumba hutaja jina, kisha ukoo. Ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka 1942 Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyesomea sanaa Ujerumani, alisafiri Kongo na kufika Rwanda. Wanawake wa Kitutsi walimvutia mno, akawachora tena na tena kwa rangi nzito za mafuta. Mmoja wao alikuwa Rosalie Gicanda, aliyeolewa mwaka huohuo na Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Picha yake ikajulikana kama Malkia wa Watutsi. Kazi yenyewe tunaisifu. Kichwa chake ndicho kinachotukera: kimetaja cheo na kabila, mwenye sura hayumo.

Na mwenye sura alikuwa na maisha yake. Alikuwa Mkristo kabla ya mumewe, maana Mwami alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Hawakujaliwa watoto. Mwami alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959, na mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Watutsi wengi walikimbilia nchi jirani, Rosalie akabaki. Aliishi Butare pamoja na mama yake mzazi na wanawake wachache, mjane asiye na kiti wala mlinzi, kwa miaka mingi. (Nasi waseminari tunanung'unikia ratiba ya muhula mmoja!)

Tarehe 20 Aprili 1994 askari walimchukua nyumbani pamoja na wanawake aliokaa nao, wakawapiga risasi nyuma ya Makumbusho ya Taifa. Siku chache baadaye wakauawa hata mama yake. Hatumlinganishi Stern na wauaji, hata kidogo. Yeye alikuwa ameshafariki tangu 1966. Lakini katika falsafa tunafundishwa kwamba nafsi ya mtu haina ya pili, na wauaji wale waliona kabila tu.

Jina lake lilikuja kutajwa hapa Tanzania. Mwaka 2012, jijini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Kapteni Ildéphonse Nizeyimana kwa mauaji ya kimbari, na miongoni mwa waliouawa hukumu inamtaja Rosalie Gicanda. Kifungo cha maisha kilipunguzwa katika rufaa mwaka 2014 kuwa miaka 35.