MCHUNGAJI JOHANNES REBMANN: SHAHIDI WA THELUJI ASIYESADIKIWA

Historia ya Injili katika mlima wetu huanza kusimuliwa, kwa kawaida, na wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893. Ni haki kuanza hapo, kwa kuwa wao ndio waliojenga shule na makanisa ambayo usharika wetu ni tunda lake. Lakini miaka 45 kabla yao alipita mtu mwingine katika nchi hii, mwana wa Kilutheri kutoka Württemberg, ambaye hakubatiza Mchagga hata mmoja. Jina lake linajulikana duniani kwa sababu ya theluji. Katika mwaka huu wa kutimiza karne moja, inafaa tumkumbuke.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, nchini Ujerumani. Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akajiunga na Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS, lililokuwa na uhaba wa Waingereza wa kwenda Afrika. Alifika Mombasa mwaka 1846. Mwenyeji wake alikuwa Dkt. Ludwig Krapf, naye pia mtu wa Württemberg, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika pwani hiyo. Mwezi Agosti mwaka huohuo, wote wawili wakiwa wanaugua homa, walipanda hadi Rabai na kufungua kituo chao.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea Uchaga. Hakuwa na bunduki; alichukua mwavuli. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mkuu wa misafara aliyeijua njia ya bara, pamoja na wapagazi wachache. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona mbele yake kilele kilichofunikwa na weupe. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, huyo aliuita baridi tu. Neno theluji, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, halikuwa na kazi kubwa kwa mtu wa pwani. Kiongozi aliyajua madhara ya kitu kile asijue jina lake. Mgeni, aliyekulia katika nchi ya majira ya baridi, alikitambua mara moja.

Wenyeji wa mlima, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa. Rebmann mwenyewe alielezwa kwamba zamani watu waliudhania weupe ule kuwa fedha, na kwamba ulipoletwa chini ulionekana kuwa ni maji tu. Huko Kilema Mangi Masaki alimpokea kwa wema. Mwezi Novemba alirudi, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Safari ya tatu, ya mwaka 1849, ilikuwa chungu. Alitaka kuvuka hadi Unyamwezi, lakini huko Machame bidhaa zake karibu zote zilichukuliwa kwa jina la zawadi, naye akarudi pwani mgonjwa, chini ya mvua. Hakuuona tena mlima huu kwa ukaribu.

Habari zake zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Badala ya shukrani zilipata dhihaka. Msomi mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta. Alidai kwamba mmisionari yule ana macho mabovu na kwamba amesadiki hadithi za wenyeji. Krapf alipouona Mlima Kenya na weupe wake mwezi Desemba 1849, naye pia hakusadikiwa.

Maelezo ya jambo hilo leo anayajua mwanafunzi wa shule. Hewa hupoa takriban nyuzijoto 6 au zaidi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hivyo wakati watu wa Moshi mjini wanatokwa jasho, huko juu maji yanaganda. Kosa la Cooley lilikuwa kuhesabu umbali kutoka ikweta na kusahau urefu wa mlima. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika kuupima mlima, na mwaka 1862, akiwa na Otto Kersten, alipanda kiasi cha mita 4,200 na kuangukiwa na theluji. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku Decken nishani ya dhahabu. Rebmann alikuwa Rabai.

Kuna jambo la pili lisilojulikana sana. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt waliwahoji wafanyabiashara wa misafara katika pwani. Waliona kwamba kila msafara, hata ukianzia bandari gani, ulimalizikia kwenye maji makubwa. Wakachora ramani yenye ziwa moja refu sana, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Kwa kweli yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Hata hivyo ramani hiyo yenye kasoro ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857.

Na kuna la tatu. Mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa, alimfundisha Rebmann lugha yake, neno kwa neno. Kamusi waliyoitunga pamoja ilichapishwa mwaka 1877, mmoja akiwa ametoa maarifa na mwingine kalamu. Ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za lugha ambayo leo twaiita Kichewa au Kinyanja.

Krapf aliondoka mwaka 1853, Erhardt mwaka 1855. Rebmann alibaki. Mashambulizi ya Wamasai ya mwaka 1857 yalimlazimisha kukaa Unguja kwa muda, kisha akarudi Rabai. Mwanawe wa pekee alifariki akiwa mchanga, na mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, hata wageni waliopita Rabai wakajiuliza kazi yake ina faida gani. Macho yake yakaingia giza. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, aliondoka akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki huko Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

CMS ilifungua kituo Moshi mwaka 1885, ikaondoka mwaka 1892, na mwaka uliofuata Leipzig wakashika kazi. Hivyo njia aliyoikanyaga Rebmann ilirudi mikononi mwa Walutheri.

Katika upande wa kusini wa Kibo upo mto wa barafu uliopewa jina lake. Barafu yote ya mlima imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Wajukuu zetu huenda wakasimuliwa kwamba hapa palikuwa na theluji, nao wakaona vigumu kusadiki. Ni wajibu wetu, tunaoiona bado tukitoka ibadani, kuwaandikia kwa uaminifu kile tulichokiona, pamoja na majina ya waliotutangulia katika shamba hili: Rebmann, Bwana Kheri, Salimini na Isaac Nyondo. Bwana na asifiwe kwa ajili ya kila mmoja wao.